Kadi ya dogo ya laki nane

Jumapili moja jioni nimekaa zangu barazani Tabata, umeme umekatika, najipepea na kipande cha boksi, simu ikalia. Mpwa wangu kanitumia picha wasap. Mchezaji wa mpira kasimama kifua mbele, nyuma yake dhahabu inang'aa utafikiri kaoa jana, kwenye kona kuna namba 17/250. Chini kaandika: "Shikamoo anko. Hii sa hivi ina laki nane."

Nikamjibu marahaba, hiyo laki nane iko wapi?

"Iko kwenye kadi anko."

Nani kakupa?

"Hajanipa mtu. Ndo bei yake."

Nikacheka peke yangu gizani, mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia hamna, dogo kawa tajiri. Huyu dogo ana miaka 19, yuko chuo mwaka wa kwanza, boom likiingia halimalizi wiki, na wiki mbili kabla ya hapo ndo alikua ameniomba elfu thelathini "ya stationari" ambayo sasa nikaanza kuelewa ilinunua stationari gani. Ila sikucheka kwa kumdharau. Nilicheka kwa sababu na mimi nilishawahi kuwa na kadi yenye bei ambayo hajanipa mtu. Hiyo ntaifikia huko mbele, inauma kidogo, acha kwanza nizunguke.

Swali lenyewe ni hili, kadi ya kidijitali inayokaa kwenye apu ya simu ina thamani ya kweli? Wazee huwa wanalimaliza haraka sana. Kitu chenyewe hukishiki, mtu yeyote anakipiga picha, kina thamani gani? Mi hiyo hoja siikubali. Salio lako la M-Pesa ulishawahi kulishika? Kuna watu hapa hapa mjini wana viwanja Kigamboni wanavijua kwa hati tu, hawajawahi hata kukanyaga, na ukiwaambia hawana kitu mtagombana. Kwahiyo kutokushikika sio tatizo. Na wale wa upande wa pili nao, vijana wa "ni adimu anko, ziko mia mbili na hamsini tu duniani", hao nao hawajanishawishi, sababu uadimu peke yake haulishi mtu. Mwandiko wangu mimi uko mmoja tu duniani na hakuna anaeutaka, hata mwalimu wangu wa darasa la tatu aliukataa.

Tulipokua wadogo Tanga, mtaani Makorora, gololi ndo ilikua dola yetu. Ya kioo ya kawaida, ile yenye kijani ndani, ilikua moja kwa moja. Ile nyeupe ya maziwa ulipewa tatu. Af kulikua na ya chuma, inatoka kwenye beringi ya gari, hiyo ukiwa nayo mtaa mzima unakujua mpaka kaka za watu wanakusalimia. Mi nilitoa za kioo kumi na mbili kupata moja ya chuma, nikawa nalala nayo. Mwezi haujaisha akahamia mtoto ambae baba yake ana gereji, akaja uwanjani na kopo la blubendi limejaa za chuma tupu, za kila saizi. Siku tatu tu, yangu ikawa haipati hata mbili za kioo. Nilikaa nayo naiangalia. Ni ile ile, nzito, inang'aa, ya baridi mkononi, haijapungua chochote.

Lakini sasa sikiliza. Huyo mtoto wa fundi aliweza kuiua bei ya gololi yangu, ila hakuweza kuja usiku kuitoa mfukoni kwangu. Kesho yake niliamka bado ninayo, nikaenda nikacheza nayo, nikashinda nayo, mpaka leo naamini iko mahali kwenye nyumba ya marehemu bibi kule. Hivi ni vitu viwili tofauti, kushuka bei na kuondoka kabisa, na kwenye hizi kadi za simu watu wanavichanganya sana.

Twende Marekani kidogo, huko ndo kadi za wachezaji zilikozaliwa. Kampuni ya Topps ilitoa kadi za besiboli mwaka 1952, na kwenye fungu la mwisho la mwaka huo kulikua na kadi ya Mickey Mantle wa New York Yankees. Fungu lile lilichelewa kutoka, msimu unaisha, watoto wameshahamia kwenye mambo mengine, mzigo ukabaki stoo. Ukakaa miaka. Mwaka 1960 jamaa wa Topps anaitwa Sy Berger, yani ndo huyo huyo aliesaidia kuzibuni, akaona hizi takataka zinajaza nafasi, akazipakia kwenye tishari la taka wakaenda kuzimwaga baharini, Atlantiki. Maboksi kwa maboksi ya kadi. Na zile chache zilizouzwa watoto walizibandika kwenye spoku za baiskeli zipige kelele, mama zao wakazitupa walipokua wakifanya usafi, zingine zilikunjwa, zingine zililowa. Agosti 2022 moja ya Mantle iliyobaki safi kabisa ikauzwa mnadani dola milioni 12.6. Kwa hela yetu ya wakati ule ni kama bilioni 29.

Mi hii stori naipenda kwa sababu hakuna mtu aliepanga. Hakuna alieandika kwenye kona "ziko hizi tu". Uadimu wake ulikuja kwa dharau, kwa uzembe, kwa akina mama wenye fagio na kwa samaki. Na Wamarekani wenyewe walipogundua kadi za zamani zina hela, miaka ya 80 mwishoni mpaka 90 mwanzoni kila mtu akaanza kununua na kuhifadhi kwenye plastiki, kampuni nazo zikachapa kwa fujo, leo hizo kadi unapewa boksi zima na hela ya chakula cha mchana inabaki. Kila mtu alizitunza, ndo maana hazina thamani. Ukiifikiria vizuri ni kichekesho.

Sasa kadi ya dijitali haipotei kwa mtindo huo. Ya dogo ni 17/250, na zote 250 ziko safi kama siku ya kwanza, hakuna iliyolowa, hakuna mama aliyeitupa, hata mwenye nayo akifa itabaki imekaa pale pale kwenye akaunti yake inang'aa. Kadi za karatasi zinakufa moja moja, na kila ikifa moja, iliyobaki inapanda. Za dijitali zinakufa zote siku moja.

Unadhani natia chumvi? Kulikua na gemu inaitwa F1 Delta Time, ya kampuni ya Animoca Brands ya Hong Kong, wamepewa leseni na Formula 1 wenyewe, wale wa mashindano ya magari. Mei 2019 waliuza gari la kidijitali linaitwa 1-1-1, moja tu, kwa sarafu za kidijitali za Ethereum zenye thamani ya dola kama laki moja na elfu 13. Gari la kwenye skrini. Machi 2022 leseni ikaisha haikuongezwa, gemu ikafungwa tarehe 16 mwezi huo, basi. Wenye magari wakaambiwa watapewa vitu mbadala kwenye gemu zingine za kampuni. Sasa angalia, lile gari "lilikuwepo" kwenye blokucheni, yani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, kumbukumbu haifutiki, ukienda leo utaona kabisa fulani ni mmiliki. Mmiliki wa nini sasa? Ni kama una ufunguo wa nyumba iliyobomolewa na barabara ikapita juu yake, ufunguo ni original kabisa hakuna anaebisha.

Hapo ndo nilipoacha kusikiliza watu wa blokucheni, wale wanaosema "iko dijentralaizdi bro haiwezi kufutwa", yani haishikiliwi na mtu mmoja. Kinachoandikwa kule mara nyingi ni risiti tu. Picha iko kwenye seva ya mtu, gemu iko kwenye seva ya mtu, haki ya kutumia sura ya mchezaji iko kwenye mkataba wa mtu na mkataba una tarehe ya mwisho. FTX, soko la sarafu za kidijitali, ilipoanguka Novemba 2022, NFT (ndo jina la hivi vitu vyenye risiti ya blokucheni) zilizotengenezwa kwenye jukwaa lao picha zilipotea, ukibonyeza unapelekwa kwenye ukurasa wa mambo ya kufilisika. Risiti unayo.

Waliopiga kelele kuliko wote walikua NBA Top Shot, kadi za ligi ya kikapu ya Marekani. Hawa ni Dapper Labs wa Vancouver, Canada, wale wale walioleta CryptoKitties mwaka 2017, wale paka wa kwenye skrini wa kuzalishana ambao waliwahi kuujaza mtandao wa Ethereum mpaka ukawa unakwenda kwa magoti. Top Shot ilikua sio picha, ni kipande kifupi cha video, dank au blok, kina namba yake, kinaitwa momenti. Oktoba 2020 wakafungulia watu wote, watu wamefungiwa ndani na korona, hela za serikali zinaingia kwenye akaunti, mnajua ilivyokua. Februari 2021 dank moja ya LeBron James ikauzwa dola 208,000, karibu milioni 480 zetu, kwa video ambayo mimi na wewe tunaiangalia YouTube bure na bando la jero. Machi kampuni ikachangiwa dola milioni 305 na wawekezaji, Michael Jordan yumo, Kevin Durant yumo. Unamlaumu vipi mtu wa kawaida alieingia wakati anamwona Jordan kaingia?

Af bei zikaporomoka, na watu wakaenda mahakamani New York wakisema mlituuzia kitu kama hisa bila kusajili. Februari 2023 jaji akakataa kuitupa kesi, na moja ya hoja zilizoibeba ndo hii hii naizungushia toka mwanzo: momenti zote zinaishi kwenye blokucheni ambayo kampuni yenyewe ndo imeijenga na ndo inaiendesha, kwahiyo kampuni ikifunga milango thamani inaenda sifuri. Mwaka 2024 wakamalizana kwa dola milioni 4. Mi sio mwanasheria ila nilivyoisoma niliona kama jaji kakulia Makorora. Anauliza mwenye uwanja ni nani.

Mfano mwingine naoupenda, huu hauna blokucheni kabisa, ni Artifact, gemu ya kadi ya Valve, wale wenye duka la gemu la mtandaoni la Steam. Novemba 2018. Gemu kaibuni Richard Garfield, huyu ndo baba wa Magic: The Gathering, gemu ya kadi za karatasi ya mwaka 1993, yani kama ni kadi yeye ndo mwenye ukoo. Unanunua gemu dola 20, af kadi unanunua na kuuza sokoni humo humo kwa hela halisi. Kulikua na kadi inaitwa Axe, mwanzoni kadi moja ilikua inapita bei ya gemu nzima. Waliokua wanacheza kwa pamoja walifika kama elfu 60 siku za mwanzo, kabla haujatimia mwaka mmoja kuna siku walikua hawafiki mia. Machi 2021 Valve wakasema tumeacha, kadi zote bure kwa kila mtu. Na wale walionunua zamani? Kadi zao zikabatizwa jina la toleo la wakusanyaji. Yani umeuziwa kiti, wakaanza kugawa viti bure mtaa mzima, wewe wakakubandikia stika kwenye kiti chako inasema "huyu alilipa".

Sasa nisionekane nachukia tu. Kuna moja iliyonifanya nibadili mawazo kidogo, na ajabu ni ya zamani kuliko zote hizi. Magic hiyo hiyo ilipoingia onlaini mwaka 2002, waliweka utaratibu mmoja mtamu sana: ukikamilisha seti nzima ya kadi za kidijitali, unalipia ada na posta, wanazifuta kwenye akaunti yako, wanakutumia seti hiyo hiyo ya karatasi nyumbani. Za kweli, za kushika. Miaka mingi utaratibu ulikuwepo. Ona ulivyofanya kazi, kadi ya kwenye skrini haikuweza kushuka mpaka chini kabisa kwa sababu kuna mtu mwenye hesabu zake atainunua rahisi, ataijaza seti, ataigeuza karatasi, ataiuza dukani. Na kila anaegeuza, za kwenye skrini zinapungua. Ni tishari la Sy Berger lile lile ila limepangwa vizuri na hakuna samaki aliedhurika. Na zaidi ya hapo watu walikua wanazihitaji kuchezea, mashindano yapo kila siku, huwezi kucheza bila kadi. Hiyo kwangu mimi ni thamani, sina ubishi nayo. Sio utajiri, ni thamani. Kadi ina kazi na ina mlango wa kutokea.

Kwahiyo nilivyomuuliza dogo maswali nilimuuliza hayo mawili. Inafanya kazi gani? Na ukitaka kutoka unatokea wapi?

La kwanza akajibu vizuri kwa kweli. Akasema anko unapanga kikosi, mchezaji akicheza vizuri mechi ya kweli wikiendi unapata pointi, ukishinda unapata kadi zingine. Ni mtindo wa Sorare ya Ufaransa, ambao ndo wakubwa wa hii biashara kwenye mpira, walichangiwa dola milioni 680 mwaka 2021, na mwanzoni mwa 2022 kadi ya pekee ya Haaland, bado yuko Dortmund, ikauzwa zaidi ya euro laki sita. Neno "pekee" hapo lina ujanja wake, ni ya pekee kwa msimu huo. Msimu ukibadilika inatoka nyingine ya pekee. Miezi michache baadae jamaa mwenyewe akahamia Manchester City. Mtoto wa fundi na kopo lake tena, safari hii kopo linakuja kila Agosti kwa ratiba.

Na hiyo ya kupata zawadi kutokana na mechi ndo imewaletea maneno, Uingereza mwaka 2024 tume yao ya kamari iliwafungulia mashtaka kwamba wanachezesha kamari bila leseni, wao wakakanusha. Ubelgiji walishawahi kuwabana EA, kampuni ya gemu, kwenye paketi za wachezaji za gemu yao ya mpira, FIFA, mpaka Januari 2019 wakaacha kuuza pointi za kununulia paketi kule. Mi nadhani ubishi wa kamari au sio kamari unatupotezea muda, kijana wa mkeka anajua mkeka wake ukichanika umechanika, jumapili usiku kila kitu kimejulikana, anaenda kulala. Huyu wa kadi haambiwi kama kapoteza. Kadi iko pale inamwangalia. Bei imeandikwa. Anaweza kukaa miaka mitatu anajiona ana laki nane.

Na FIFA hiyo hiyo ya kwenye vibanda vya gemu (toka 2023 inaitwa EA FC), wale wanaojenga kikosi cha Ultimate Team mwaka mzima, wale nawaheshimu sababu hawajidanganyi. Wanajua Septemba gemu mpya inatoka na kila mtu anaanza na vibonde. Nilimuuliza mmoja hapa mtaani haumii? Akaniambia bro kwani ukienda bichi unarudi na maji? Sikua na jibu.

Haya, yangu sasa.

2021 na mimi niliingia. Apu siitaji jina, na wala haina haja sababu haipo. Ilikua na kadi za wachezaji wa zamani, na mimi udhaifu wangu uko hapo hapo, ukinionyesha Jay-Jay Okocha anazungusha mtu naweza kusaini karatasi yoyote. Nilikua nimepata kahela ka kazi fulani, rafiki yangu wa Nairobi ana kadi ya benki ya dola, nikamtumia yeye, yeye akaninunulia, kidogo kidogo mpaka ikafika kama laki nne na nusu. Nikawa na kadi tisa. Kuna moja ilifika, kwa maandishi, milioni na laki mbili. Nilikua naamka saa kumi usiku naangalia. Nilimwambia mke wangu tutaezeka lile banda la nyuma. Jamaa wa Nairobi akaniambia uza buda, uza sasa, mi nikamwambia subiri ifike mbili. Kilichofuata mnakijua. Ilishuka, nikasema itapanda, ikashuka tena nikasema hawa waoga wanatoka sisi wenye moyo tunabaki, mwisho hata wa kununua hayupo, unaweka sokoni bei yoyote kimya, kama unauza barafu Njombe mwezi wa saba. Katikati ya 2022 nikafungua apu ikazunguka zunguka. Kesho yake ikazunguka. Wiki nzima. Nikaandika imeli, ikarudi kwamba anuani haipo.

Nilichobaki nacho ni skrinishoti. Moja. Niliipiga siku ile ya milioni na laki mbili, nilikua nataka kumringishia shemeji. Bado iko kwenye simu, nimebadilisha simu mara mbili nimeihamisha nayo, sijui kwanini.

Banda la nyuma bado halijaezekwa, msiulize.

Cha kushangaza serikali zetu zimeshaamua zenyewe kwamba hivi vitu vina thamani, maana ziliviwekea kodi. Kenya mwaka 2023 waliweka asilimia 3 kwenye mali za kidijitali wakazitaja NFT kabisa (2025 wakaiondoa), na sisi kwenye bajeti ya 2024 tukaweka asilimia 3 yetu. Yani benki kuu ilitutahadharisha na hizi sarafu za kidijitali Novemba 2019, miaka mitano baadae mtu wa kodi kashafika na kitabu. Kwa hiyo dogo akiniuliza kama kadi yake ni mali naweza kumwambia kwa mujibu wa sheria, labda.

Sasa kuna jambo limenirudisha nyumbani kabisa. Baba yetu mkubwa alikua anakusanya stempu. Kopo la biskuti, bluu, limejaa. Alipofariki watoto wake wakaniambia wewe ndo msomaji soma zina shilingi ngapi hizi. Nikakaa nazo wiki. Kuna za zamani kidogo zimepigwa muhuri, barua za kweli zilizosafiri, Lindi, Moshi, Mombasa. Na kuna rundo zuri sana za miaka ya 90, zimeandikwa Tanzania, rangi zinapendeza, dainasoria, mbwa wa Kizungu, samaki. Safi, hazijawahi kugusa barua. Nikasema hapa ndo kuna hela.

Kumbe hapo ndo hakuna. Miaka ile nchi nyingi, na sisi tukiwemo, tulikua na wakala New York anatutengenezea stempu kwa ajili ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, sio kwa ajili ya barua. Zinatoka mfululizo kila mwaka, mashabiki wa dainasoria wananunua, mashabiki wa mbwa wananunua, nchi inapata chake. Wengi wa hao mbwa hawajawahi kuingia posta ya Tanga hata siku moja. Zilizaliwa zikiwa za kukusanywa, kila alienunua kazitunza, na leo ziko nyingi tele na bei ni ya njugu. Nilipoona hivyo nikakumbuka namba kwenye kona, 17/250, nikasema kumbe sisi wenyewe tulishawahi kuuza kadi, tena jina la nchi juu.

Zile zenye muhuri wa Lindi nazo hazikua na hela ya maana, niseme ukweli. Ila baba mkubwa nyuma ya moja alikua kaandika kwa penseli jina la aliemtumia barua, jina la mwanamke, sio mama mkubwa. Hiyo stempu tumegombania watatu.

Basi dogo nikamwambia fanya hivi, usibishane na mimi, iweke sokoni laki nane leo, uone. Akaweka. Siku ya kwanza kimya. Akashusha laki sita. Kimya, ila watu saba wameiangalia anko. Laki nne. Mmoja akamtumia ofa ya elfu tisini, dogo akatukana kimoyomoyo. Siku ya tisa ikaenda, laki moja na elfu sitini, apu ikakata chake, kubadilisha dola kukakata chake, mtu wa katikati akakata chake, kwenye simu ikaingia laki moja na elfu thelathini na mbili na mia tano. Alikua kainunua elfu sabini. Akanipigia kabisa, sauti imebadilika.

"Anko kwahiyo nimepata au nimepoteza?"

Nikamuuliza wewe unaonaje.

"Naona kama nimeibiwa laki sita na kitu."

Nikamwambia hizo laki sita hazikuwahi kuwepo. Akanyamaza. Af akasema, lakini anko nilikua nalala vizuri. Na hapo sikumjibu haraka, sababu nakumbuka saa kumi usiku zangu za 2021, nakumbuka zile wiki tulivyokua tunaliongelea lile banda na mke wangu, mabati ya rangi gani, tuweke mpangaji au tumlete mama.

Kiatu cha mpira kanunua Karume, elfu arobaini na tano, mtumba ila grade one. Zilizobaki sijauliza.

Jana kanitumia picha wasap. Ile ile, dhahabu, 17/250. Nikamwandikia wewe si umeiuza? Akasema niliipiga skrini kabla haijaondoka anko, ya kumbukumbu. Nimeikuza nimeiangalia kila kona, na ni ile ile kabisa, haijapungua kitu, hata mng'ao upo.

Nikaingia kwenye picha zangu nikateremka mpaka 2021, nikampata Okocha wangu, nikamtumia.

Ikasoma tiki mbili za bluu. Akawa anaandika, anaacha, anaandika.

"Duh. Anko hii kali. Unauza?"